Nani atawafundisha hao sita?

Ikiwa unasimamia vijana wanaounda programu za kompyuta, tafuta wenzako wa kazi hiyo hiyo mketi pamoja. Sisi tuko wanne hapa Nairobi, kila mmoja ameajiriwa kwake, na siri za waajiri hatuzitoi. Mwezi uliopita kazi yangu ilikuwa imechelewa, vijana wakikesha ofisini, na mkubwa wangu akataka kuniongezea watu sita. Mwenzetu mmoja, mama mcheshi, akaniuliza: "Nani atawafundisha hao sita?" Ni hao hao waliokwisha kuchoka! Kumbe Mmarekani Fred Brooks aliyaandika hayo mwaka 1975: kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi. Jumatatu nilimwomba mkubwa apunguze kazi badala yake. Alinuna, lakini akakubali. Vijana sasa wanalala makwao.