Barua kutoka Brussels: habari za fulana na nembo za watu

Wifi yangu mpendwa,

 Huku Brussels baridi tu ndiyo inayotusumbua. Mvua ya huku hainyeshi ikakatika. Inachuruzika kutwa nzima, na koti la kaka yako sasa ni langu. Mama mfikishie shikamoo yangu, umwambie dawa yake ya kuchua tumeipata.

Najua unachongoja kusikia: zile fulana za wasichana wa darasa la kompyuta, pamoja na zile nyingine unazotaka kuzitundika dukani. Nikujibu kwanza, usije ukamweka fundi bure. Nembo ya Debian, ule mfumo wa kompyuta, chapa, na ukitaka kuuza, uza. Ya Python, ile lugha ya kuandikia programu, chapa za darasa lile tu. Za kuuza sharti tuombe ruhusa. Ya kivinjari cha Firefox na ile koni ya VLC, programu ya kuchezea filamu, usiziguse mpaka tuwe na ruhusa ya maandishi mkononi. Sasa tulia nikusimulie nilivyoyapata haya.

Mkutano uliotuleta huku, wa watu wa programu huria, unaitwa FOSDEM. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, Jumamosi na Jumapili, katika kampasi ya Solbosch ya Université libre de Bruxelles, na ulianza mwaka 2000. Hauna kiingilio wala kujiandikisha, unaingia tu. Tulipanda basi namba 71 kutoka kituo kikuu cha treni. Basi hilo hupita Porte de Namur, ubavuni mwa Matonge, mtaa wa Wakongo, na hapo kina mama wawili waliokaa nyuma yetu wakawa wanabishana juu ya bei ya samaki kwa Kiswahili kabisa, kile cha Kongo. Nilitamani nishuke nikawasalimie. Jioni tulirudi Matonge tukala sombe na samaki wa kukaanga, na kaka yako hakusema neno mpaka sahani ikawa nyeupe.

Pale chuoni watu ni wengi mno. Kila ukumbi una mhadhara, na ukichelewa unakuta mlango umefungwa, ukumbi umejaa. Lakini mimi sikuwa na haja ya mihadhara mingi. Mimi nilikwama kwenye jengo wanaloliita K, ambako miradi ya programu huria hupanga meza zao ukumbini, kila mmoja na kitambaa chake, stika zake, fulana zake. Wifi, ungekuwepo ungeshinda hapo. Watu wa VLC wanatembea wamevaa kofia za koni za rangi ya machungwa. Watu wa FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, wana kile kishetani chao chekundu chenye uma. Na kila fulana niliishika, nikaigeuza ndani nje kutazama wino umeingiaje kwenye kitambaa, maana najua utaniuliza.

Ile ya Debian ni mzunguko mwekundu, kama wa mtu aliyechovya brashi akaizungusha mara moja bila kuinua mkono. Mwisho wa mzunguko wino unachanika, unaacha nyuzi nyembamba za weupe ndani ya wekundu. Hizo nyuzi ndizo zitakazomshinda fundi wetu kwenye skrini ya matundu makubwa. Zitajifunga, na nembo itakuwa doa. Mwambie atafute skrini ya matundu madogo. Na rangi ni nyekundu iliyokoza, asilete damu ya mzee.

Nembo hiyo ilibuniwa na Raul Silva mwaka 1999, na ziko mbili. Ya mzunguko mtupu ni ya watu wote. Nyingine mzunguko unatoka kwenye chupa, na hiyo wameiweka kwa mambo yao rasmi tu. Usichanganye. Jina Debian lenyewe ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na mwenye kuishika ni shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo Software in the Public Interest. Sera yao ya alama inaruhusu waziwazi kutengeneza fulana na kofia, hata za kuuza. Wanachopendekeza ni umwambie mnunuzi kwa ukweli ni kiasi gani cha bei, kama kipo, kitakachokwenda kwa mradi. Wanachokataa ni wewe kulifanya Debian kuwa jina la duka lako au la bidhaa yako, au kujitangaza kama kwamba wamekutuma. Kwa hiyo lile bango ulilolifikiria, la kuandika jina lao juu ya mlango, hapana.

Najua swali lako, maana uliniuliza kabla hatujaondoka na sikuwa na jibu: kama programu yenyewe inatolewa bure, unaruhusiwa kuisoma, kuinakili, kuibadilisha hata kuiuza, picha yake iweje na mwenyewe? Nimelifikiria sana swali hili katikati ya meza zile, na jibu nimelipata kwenye mambo yako mwenyewe. Unapochagua kanga za jumla unatazama nini kwanza? Unatafuta yale maandishi madogo ya pindoni, Mali ya Abdulla, ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Maua ya kanga mtu yeyote anaweza kuyaiga, lakini maandishi yale yanakuambia kitambaa kimetoka kwa nani, kwamba hakitachuja ukikifua mara ya kwanza. Sasa programu huria ndiyo zaidi, kwa sababu kila mtu ana haki ya kuibadilisha. Jina na nembo ndivyo pekee vinavyomwambia mtumiaji kuwa hii ni ile iliyopita mikononi mwa watu anaowaamini.

Na ukiukaji upo kweli. VLC kila kijana wa Kariakoo anayehamisha filamu kwenye fleshi anaijua. Mwaka 2011 VideoLAN, wenye programu hiyo, walilalamika hadharani kuhusu watu wanaoichukua, wanaipakia na programu za matangazo na za upelelezi, kisha wanaitoa kwa koni ileile na jina lilelile. Mtumiaji akipatwa na balaa anamlaumu nani? Anailaumu koni. Nilikasirika kwa niaba yao.

Majina pia yamewahi kunyakuliwa. Linux, kwa mfano: bwana mmoja wa Boston, William Della Croce, alijisajilia jina hilo Marekani katikati ya miaka ya 1990, ingawa programu haikuwa yake, akaanza kuwadai watu malipo. Ilibidi waende kwenye sheria, na mwaka 1997 jina likarudishwa kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Hata Python, mwaka 2013 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina hilo Ulaya nzima. Python Software Foundation wakapiga mbiu, barua zikamiminika kutoka kila upande, na haukupita muda kampuni ikaondoa maombi. Tangu nisikie haya sioni tena ukali katika masharti yao. Wasipolinda, atakuja mwingine alinde kwa faida yake.

Lakini nisikufiche, hata wao kwa wao wamewahi kusigana. Mwaka 2006 Mozilla, wenye Firefox, waliwaambia Debian: mkitumia jina Firefox, tumieni na nembo yetu, na marekebisho mnayoyatia tuyaone kwanza. Debian hawakuweza, maana leseni ya nembo ile haikuwa huria kama kanuni zao zinavyotaka, na marekebisho ya usalama wakati ule walikuwa wakiyatia wenyewe kwenye matoleo ya zamani. Basi wakalitoa jina. Kwa miaka kama 10 mtumiaji wa Debian alikuwa na kivinjari kilekile kikiitwa Iceweasel, hadi 2016 walipoelewana, na jina la Firefox likarudi. Mimi naona kila upande ulikuwa na haki yake, ila miaka 10 ni mingi kwa jambo lililomalizwa na watu kukaa wakazungumza.

Kile kishetani cha FreeBSD nacho kina mwenyewe, mtu mmoja tu, Marshall Kirk McKusick, mwenye hakimiliki yake. Matumizi ya mtu binafsi anayaruhusu, mradi yawe na adabu. Ya biashara unamwomba. Nimekipenda kwa jinsi kilivyochorwa, lakini sidhani kama Mama atakubali kitundikwe dukani, kwa hiyo tuachane nacho.

Sasa kazi yetu. Kwa upande wa Python nimeanza kuandika barua ya maombi, na nimejifunza kuwa barua nzuri ni ile isiyomfanya msomaji akisie. Tutaeleza sisi ni nani na duka liko wapi, nembo ipi tunaitaka, itachapwa juu ya nini, zitauzwa au zitagawiwa, na tutaambatanisha picha ya fulana jinsi itakavyoonekana. Wale nyoka wawili, wa bluu na wa njano, tusiwabadilishe rangi wala tusiwavike kilemba, hata kama wazo lako la kilemba lilikuwa zuri. Nembo iliyobadilishwa kwa biashara nayo ina kibali chake. Kisha tusubiri. Wengi wanaoshughulikia maombi kwenye miradi hii wanajitolea tu, wana kazi zao mchana. Ukiona kimya wiki ya kwanza usichape ukasema watajua wenyewe.

Kuna watu hapo mtaani watakucheka, najua, watasema nani wa Ulaya au Marekani atakuja Mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, kukagua fulana. Huenda asije mtu. Lakini wale wasichana wanafundishwa kwa programu zilizotolewa na watu hawa bila senti moja, na kitu pekee wanachokiomba ni jina lao lisitumiwe ovyo. Hata Novemba 2023, DjangoCon Africa, mkutano wa watu wa Django, programu huria ya kutengenezea tovuti, ilipofanyika Zanzibar, jina Django lilikuwa na mwenyewe, Django Software Foundation, na mikutano yenye jina hilo huanza kwa kuomba. Kama wenzetu wameweza, na sisi tutaweza. Barua ya kibali ikija, ichapishe uitie fremu, uiweke kaunta. Wateja wa ofisini watapenda kuiona.

Nitumie basi vipimo vya picha ya kifuani, upana na urefu kwa sentimita, na picha ya fulana tupu, nyeupe na nyeusi, zote mbili. Wino ule wa fundi nao nitajie jina lake. Hizo za Debian anaweza kuanza hata kesho, akipata skrini.

Kaka yako anakusalimu. Watoto wabusu.

Wifi yako