NJIA PANDA YA GREDI YA TISA

Wahenga walinena mshika mbili moja humponyoka. Sisi wa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi tuliwekewa tatu! Kabla ya kuingia Sekondari Pevu Januari 2026, ilitubidi kuchagua mkondo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, yaani STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Serikali ililenga asilimia 60 wafuate STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa.

Kwetu Buruburu mjadala ulichacha kuliko mechi ya Gor na Ingwe. Mama, ambaye huuza mboga Mutindwa, alitaka daktari. "Hiyo fasihi itakulipia nauli ya 58?" aliniuliza. Swali lilinichoma, maana sayansi naiweza kabisa. Ni vile tu hainikoseshi usingizi kama tamthilia.

Babu alicheka. Yeye alisoma kidato cha 5 na cha 6, mfumo uliofikia kikomo 1989, na walibeba masomo makuu matatu. Nasi leo tunachagua matatu, juu ya yale ya lazima. "Na mnauita mpya?" akasema. Nikamkumbusha kwamba yeye alichagua akiwa amemaliza kidato cha 4. Mimi nina miaka 15. Hapo akanyamaza, akamtazama Mama.

Nilijaza Fasihi ya Kiswahili, Historia na Uraia, na Jiografia. Mama aliisoma ile fomu, akanirudishia bila neno. Madaftari yangu ya Sayansi angali ameyahifadhi juu ya kabati. Hataki yafungiwe mboga.