Mapenzi ya Kubaki Nje ya Geti

Wajameni, hebu nijibuni swali moja kabla hatujafika mbali. Ukiipenda timu, halafu wanaoiongoza wanaiua mbele ya macho yako, ufanye nini? Uendelee kukata tiketi, ukae jukwaani uimbe nyimbo zilezile, na hela yako iingie mfuko uleule? Au ubaki nyumbani? Na ukibaki nyumbani, bado ni mpenzi, au umeshakuwa msaliti kama wasaliti wengine?

Jibu la swali hili nimelitafuta mbali na kwetu. Nimelitafuta Glasgow, Uskoti, katika msimu wa 1993/94 wa klabu ya Celtic. Msinicheke. Mtu hachagui mahali pa kujifunzia.

Lawama, kama zipo, mpeni Victor Wanyama. Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic waliwakaribisha Barcelona. Hapa kwetu ilikuwa saa tano kasorobo usiku, tumebanana kwenye kibanda umiza, joto kama tanuri. Dakika ya 21 ukapigwa mpira wa kona, Wanyama akaruka na kichwa, wavu ukatikisika. Mkenya! Kibanda kizima kikawa cha Wakenya kwa usiku mmoja, hata wale ambao Jumapili huwa hawataki kuisikia Harambee Stars. Mechi ikaisha 2-1, Barcelona ya Messi imelala. Tangu hapo nikawa na maradhi: nataka kujua kila kitu kuhusu wale watu wa jezi za mistari ya kijani na nyeupe. Nikasoma kurudi nyuma, mwaka kwa mwaka, nikafika 1994, na hapo nikakwama mpaka leo.

Kwanza ujue kwamba klabu hii haikuzaliwa kwa starehe. Ilianzishwa Novemba 1887 katika ukumbi wa kanisa, mashariki mwa Glasgow, na Bruda mmoja wa Kikatoliki anayeitwa Walfrid. Shida yake ilikuwa kupata fedha za kuwalisha maskini wa mitaa ile, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Kwa hiyo ilianza kama sahani ya chakula, ikawa timu. Miaka 80 baadaye, tarehe 25 Mei 1967 mjini Lisbon, vijana wa kocha Jock Stein waliifunga Inter Milan 2-1 wakatwaa Kombe la Ulaya, timu ya kwanza ya Uingereza kulitwaa. Kati ya 1966 na 1974 walichukua ubingwa wa ligi mara 9 mfululizo.

Sasa shuka nami mpaka 1993. Mambo yamegeuka. Watani wao Rangers, chini ya tajiri David Murray aliyeinunua klabu 1988, ndio wanaotamba. Wanachukua ubingwa kila mwaka kama mtu anayeokota maembe chini ya mti wake. Celtic hawajagusa kombe lolote tangu 1989. Na nani anaongoza? Familia. Kelly, White, Grant: majina yaliyokaa kwenye viti vya ukurugenzi kizazi hadi kizazi, hisa zinarithiwa kama shamba la babu. Shabiki ana haki moja tu, ya kulipa.

Halafu uwanja. Baada ya maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989, yaliyoua watu 97, serikali iliagiza klabu kubwa ziondoe sehemu za kusimama na kuweka viti. Celtic Park ilikuwa imejaa sehemu za kusimama. Rangers uwanja wao walikuwa wameshaujenga upya. Celtic hawana fedha, wana michoro tu: eti tutahamia Cambuslang, tutajenga kitu cha ajabu. Miaka inapita, Cambuslang hakuna hata tofali.

Katika hali hiyo, kinachofuata unakijua. Timu ikiumwa, anafukuzwa kocha. Ndiyo dawa ya bei nafuu.

Kocha wa wakati ule alikuwa Liam Brady, fundi wa mpira kutoka Ireland, mtu wa kwanza kuifundisha Celtic bila kuwahi kuichezea. Oktoba 1993, baada ya kufungwa na St Johnstone mjini Perth, Brady akajiuzulu mwenyewe. Mwezi uleule akaletwa Lou Macari, mchezaji wao wa zamani. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Ibrox, kwa Rangers. Celtic wakashinda 2-1! Bila shaka kuna watu walilala usiku ule wakiamini mgonjwa amepona.

Hakupona. Wakatolewa Ulaya na Sporting ya Lisbon. Siku ya mwaka mpya wa 1994 Rangers wakaja Celtic Park, na ilipofika nusu saa walikuwa wanaongoza 3-0. Matokeo ya mwisho 4-2. Siku ile mashabiki hawakuwazomea wachezaji. Waligeuza nyuso kuelekea jukwaa la wakurugenzi na kuanza kuwarushia walichonacho mkononi. Mwezi huohuo wakatolewa kwenye Kombe la Uskoti na Motherwell.

Hesabu moja iliyonisimamisha nywele ni hii. Toka 1897 mpaka 1991, yaani miaka 94, ukiwaacha waliokaimu, Celtic ilifundishwa na watu sita tu. Halafu kati ya Oktoba 1993 na Julai 1994, miezi kumi, ikawa na watatu: Brady, Macari, na Tommy Burns. Klabu iliyokuwa na subira ya mlima ikawa inabadilisha makocha kama mtu mwenye homa anayebadilisha shati. Shati jipya, homa ileile.

Sasa ndugu zangu mnaoshika kalamu, tegeni sikio, maana hapa ndipo hadithi inapotuhusu. Waliouona ugonjwa wenyewe, na sio shati, walikuwa vijana wa vijarida. Uskoti na Uingereza ya miaka ile ilikuwa na vijarida vya mashabiki, vinachapwa kienyeji, vinauzwa mkononi nje ya uwanja siku ya mechi. Celtic walikuwa na Not the View, walikuwa na Once a Tim, iliyokuwa inahaririwa na Matt McGlone. Gazeti la klabu linakuambia mambo safi, kijarida kinakuuliza deni ni kiasi gani. Humo humo kwenye kejeli, vibonzo na barua za wasomaji, watu wakajifunza kusoma mahesabu ya kampuni. McGlone na wenzake watatu wakaanzisha kundi la Celts for Change. Wakaita mikutano, kumbi zikajaa. Na wakatoa wito ambao mpaka leo unanitetemesha: Jumanne ya tarehe 1 Machi 1994, Celtic wakicheza na Kilmarnock nyumbani, msiende.

Fikiria mwenyewe. Mtu ameanza kwenda uwanjani akiwa amebebwa mabegani na babu yake. Kaungoja mpira wiki nzima. Unamwambia abaki nje, kwa mapenzi!

Wengi walibaki nje. Klabu ikatangaza kuwa walioingia ni zaidi ya 10,000. Lakini waasi hawakuwa wajinga, walikuwa wameweka watu wao wa kuhesabu, na wao wakasema ni kama 8,000. Hata tuchukue hesabu ya wakubwa wenyewe, kwa klabu ile hiyo ni aibu. Na kuna kitu kidogo nakipenda sana katika usiku ule: kwenye benchi la Kilmarnock alikaa Tommy Burns, mtoto wa Calton palepale ilipozaliwa Celtic, aliyeichezea miaka mingi. Aliziona zile sehemu tupu kwa macho yake. Miezi minne baadaye alikuwa ndiye kocha wa Celtic.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Deni la benki lilikuwa limepita pauni milioni 5. Mwisho wa Februari wakurugenzi walikuwa wametangaza kuwa wamepata mamilioni ya kujengea Cambuslang, na kampuni waliyoitaja ikakana. Benki ikachoka: leteni fedha, la sivyo tunaleta mfilisi. Ijumaa ya tarehe 4 Machi akaingia Fergus McCann, Mskoti mfupi mwenye miwani, aliyehamia Kanada ujanani na kutajirikia huko. Akaweka fedha, familia zikatoka. Inasimuliwa kwamba zilibaki dakika nane muda wa benki uishe. Nje ya geti mshirika wake Brian Dempsey akatangaza kwamba waasi wameshinda.

Ningekuwa natunga filamu ningeishia hapo. Lakini hii si filamu. Msimu uliisha Celtic ikiwa ya nne, nyuma ya Rangers, Aberdeen na Motherwell. Juni Macari akafukuzwa, akaenda mahakamani, akashindwa. Msimu wa 1994/95 uwanja ukabomolewa ili ujengwe, timu ikahamia Hampden kama mpangaji. Novemba 1994 wakafika fainali ya Kombe la Ligi na Raith Rovers, timu ya daraja la pili. Sare 2-2, penalti, na nahodha Paul McStay, kipenzi cha watu, penalti yake ikadakwa. Raith wakabeba kombe. Yaani wamepindua uongozi, wamebadilisha kocha, na bado wanafungwa na timu ndogo!

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mashabiki wale. Januari 1995 McCann akauza hisa kwa umma, na zaidi ya watu 10,000 wa kawaida wakanunua, wiki chache tu baada ya aibu ile ya Raith. Waliokataa kulipa mlangoni mwezi Machi ndio walilipa Januari. Kumbe hela walikuwa nazo. Walichokuwa wanakisubiri ni mtu wa kuwaonyesha inakwenda wapi. Tarehe 27 Mei 1995, Pierre van Hooijdonk akafunga kwa kichwa, Airdrie wakalala 1-0, Kombe la Uskoti likanyanyuliwa na McStay yuleyule. Miaka sita ya ukame ikaisha.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi kijiweni. Fundi viatu wetu, mzee wangu, mwanachama wa Yanga tangu sijazaliwa, huisikiliza mpaka mwisho, kisha huniambia, “Mwanangu, mama akiugua humsusii chakula.”

“Shikamoo mzee,” namjibu, “lakini kama chakula anakula muuguzi?”

“Basi kaa naye kitandani umwangalie muuguzi. Usiende kukaa nje ya mlango.”

Ana hoja, na hoja yake ina historia. Jiji hili limeona watu wakigombana na viongozi wa Yanga miaka ya 1970 na kwenda kuunda Pan African. Walioondoka walikuwa na sababu, lakini jeraha lilikaa miaka. Kwa hiyo njia ziko tatu: unabaki ndani na kunyamaza, unaondoka moja kwa moja, au unasimama nje ya geti na uso wako umeelekea ndani. Hii ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu haina uhakika. Vijana wa Glasgow wangeweza kuiua klabu yao. Dakika nane si kitu, foleni ya benki tu.

Naandika haya kwa sababu si habari ya mpira peke yake kwangu. Kikundi chetu cha maigizo mtaani kina mwenyekiti asiyetaka kuulizwa. Tunatoa ada kila mwezi, tunacheza kwenye maharusi na sherehe za shule, na kitabu cha mahesabu hatujakiona mwaka wa pili huu. Tukilalamika, anabadilishwa mwongozaji wa michezo. Mwaka jana wawili. Mnaona? Shati, homa. Mwezi uliopita, watu saba tukaamua: mazoezini tutakuja, jukwaani hatupandi na ada hatutoi, mpaka kitabu kifunguliwe. Onyesho la kwanza limeshavunjika. Dada mmoja tuliyeanza naye akiwa na miaka 14 ameniambia machoni kwamba tunaua kitu chake.

Sina jibu la kumpoza. Nikimwambia habari za McCann, naye atanikumbusha ya Agosti 1998: Celtic wamerudi kuwa mabingwa, wamewazuia Rangers kufikisha kumi mfululizo, uwanja mpya umesimama, na McCann anapopandisha bendera ya ubingwa mashabiki wanamzomea, kwa kuwa kocha Wim Jansen kaondoka na mkoba wa bosi ni mgumu. Ilipofika 2014 akaalikwa tena kupandisha bendera, wakamshangilia. Miaka 16! Anayedai mahesabu asitegemee kupendwa upesi.

Wanyama aliporuka kwenye ile kona, alirukia uwanja uliokuwepo kwa sababu watu fulani usiku mmoja walikataa kuingia, kisha wakarudi na akiba zao mkononi. Kukataa bila kurudi kungekuwa hasira tu. Sisi saba akiba yetu ya ada tunaiweka kwenye kopo, kwa dada yuleyule anayetununia, kila senti imeandikwa kwa jina. Jumamosi tuna mazoezi. Nitakuwepo, saa kumi kamili, na daftari.