Madrid: Usiuze saa yako kwa bei ya kutupa

Ukishuka Madrid mwezi wa Agosti, ndugu msomaji, utadhani watu wameuhama mji. Jua ni kali, maduka mengi yamebandikwa vikaratasi mlangoni kwamba wenyewe wako likizoni, na katika treni za chini ya ardhi utapata kiti bila kusukumana na mtu. Wenyeji wamekimbilia pwani au vijijini kwao. Mtalii atafurahi na kujipumzisha chini ya miti ya bustani ya Retiro. Lakini aliyekwenda huko kuuza Kiingereza hana raha. Wanafunzi wameondoka, na pesa zimeondoka nao.

Ni katika Agosti kama hiyo ambapo binti ya shangazi yangu alinipigia simu, sauti ikiwa ya chini, akaniomba nimkopeshe kodi ya chumba. Hebu fikiria! Mimi niliye Nairobi nimtumie pesa mtu aliye Ulaya, ambaye jamaa wote walidhani analala juu ya noti. Nilimtumia, na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, nikaenda kujionea mwenyewe.

Anaishi Lavapiés, mtaa wa vichochoro vya mteremko ambako utawasikia Wasenegali, Wabangladeshi na Wamoroko wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake. Hapa nyumbani alikuwa mwalimu wa sekondari. Huko alikwenda kusoma, kisha akapata kibali cha kufanya kazi, akajiandikisha kama mtu anayejiajiri, ambaye Wahispania humwita autónomo.

Nilimfuata siku nzima, miguu ikaniuma. Saa mbili asubuhi alikuwa karibu na Nuevos Ministerios akimfundisha mhandisi kabla hajaingia ofisini. Baada ya hapo, hakuna kazi hadi saa nane mchana, wakati wa chakula cha wafanyakazi, ambapo alipata karani mmoja wa benki. Saa kumi na moja watoto wanapotoka shule ndipo mbio huanza: nyumba hii, treni, nyumba ile, treni tena, hadi saa tatu usiku. Treni hizo ni za zamani na za kutegemewa, kwani njia ya kwanza, kutoka Sol hadi Cuatro Caminos, ilifunguliwa mwaka wa 1919. Hata hivyo, somo la saa moja lilimla saa mbili, ukihesabu kwenda na kurudi.

Usiku, tukinywa chai, alinieleza kosa lake. Alipoanza, alitoza euro 15 kwa saa. Alizigeuza kichwani kuwa shilingi, akaona ni zaidi ya 2,000, akajiona tajiri. Je, wewe msomaji ungefanya tofauti? Lakini mkate haununui Nairobi, anaununua Madrid.

Hebu tupige hesabu pamoja naye. Saa 20 kwa wiki ni euro 300. Mwaka una wiki 52, lakini toa Agosti, toa Krismasi ambayo kule huendelea hadi Januari 6, toa Pasaka, toa zile siku ambazo sikukuu ikiangukia Alhamisi watu huunganisha na Ijumaa, toa na wanafunzi wanaougua. Zinabaki wiki 40 hivi. Hizo ni euro 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi.

Bado serikali haijanyoosha mkono. Kuna mchango wa bima ya jamii, unaolipwa kila mwezi, hata Agosti. Sheria iliyoanza 2023 ilimwekea anayeanza euro 80 katika mwaka wa kwanza. Baada ya hapo mchango hufuata mapato, na kwa kawaida hufika euro 200 na zaidi. Kisha kila miezi mitatu asiyekatwa kodi na wateja wake hulipa asilimia 20 ya faida, kama malipo ya mbele ya kodi ya mapato. Nafuu ni kwamba masomo ya faragha ya Kiingereza hayatozwi VAT. Sasa lipa chumba, nauli na chakula. Kimebaki nini?

Basi kwa nini hakupandisha bei? Nilipomuuliza alinyamaza, kisha akasema ni aibu. Kila mzazi alimuuliza kwanza kama Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa. Kabla hata ya kujibu, yeye alikuwa ameshapunguza bei, kana kwamba anaomba radhi kwa kutoka Kenya. Ilhali Kiingereza ni lugha rasmi kwetu, tumesoma kwacho tangu utotoni, na yeye ana shahada ya kukifundisha!

Baada ya Agosti ile ya mkopo, aliwaandikia wateja wote barua fupi. Kuanzia Septemba, saa ni euro 22. Malipo ni mwanzoni mwa mwezi. Anayeghairi kabla ya saa 24 hadaiwi, anayechelewa kughairi atalipa. Usiku huo hakulala. Familia mbili zilimwacha, na saa zake zikashuka hadi 16. Lakini 16 mara 22 ni euro 352 kwa wiki, zaidi ya zile 300 alizozikimbilia kwa saa 20. Na swali la lugha ya kuzaliwa hulijibu kwa utulivu: "Nimesomea kukifundisha. Jaribu somo moja."

Kwa hivyo, msomaji wangu, ikiwa wewe au mwanao mnafikiria safari ya namna hiyo, tafuta kwanza kibali halali. Kisha usianze kwa kuuliza wengine wanatoza ngapi. Anza na unachohitaji kwa mwaka mzima, Agosti ikiwemo, pamoja na kodi na mchango, ugawanye kwa saa utakazouza kweli. Usisahau saa za treni.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata chema kinahitaji mwenyewe akitajie bei bila kuinamisha macho. Deni langu, kwa taarifa yako, alinilipa Desemba iliyofuata barua ile, lote.