Elfu Kumi Ndizo Zote

Wapenzi vijana, wengi wenu mwaniita Mwalimu. Katika Kwaresima ya mwaka uliopita niliwafundisha juu ya haki katika kuuza na kununua, nanyi mkaandika katika madaftari yenu. Leo naomba mvumilie kusoma jinsi mwalimu yuleyule alivyokwenda kununua gari.

Gari lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la dada yangu mkubwa, mjane, auzaye vitenge katika soko la Kenya hapa Lubumbashi. (Mgeni akisikia jina hilo hudhani kwamba dada yangu huvuka mipaka kila asubuhi, Kenya ni mtaa wetu, naye huenda sokoni kwa miguu.) Kwa miaka saba alishiriki likelemba ya akina mama wenzake, na kila zamu yake ilipofika hakununua kitu. Alibadilisha faranga kuwa dola na kuzificha. Alitaka gari la teksi kwa ajili ya mwanawe, ambaye alikuwa amemaliza masomo ya sekondari na kukaa nyumbani miaka miwili akingojea kazi.

Hakutaka gari kuukuu. Marehemu mume wake alikuwa na gari la namna hiyo, nalo lilikula fedha za nyumba hiyo kwa fundi hata siku ya matanga. «Nataka lililo karibu jipya,» aliniambia, «nawe utakwenda kusema, kwa maana mimi nikimwona mtu amevaa vizuri nanyamaza.»

Yafaa mjue maana ya «karibu jipya» katika mji wetu. Magari mengi tunayoyaona barabarani yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika miaka kumi au zaidi. Hununuliwa huko mnadani, hupakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha huendeshwa au kubebwa kiasi cha kilometa 2000 kupitia Tunduma na nchi ya Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Kila hatua ina gharama zake: meli, bandari, madereva, wakala wa forodha, ushuru wa Zambia wa kupita na ushuru wetu wa kuingiza. Bei aitajayo muuzaji imebeba safari hiyo yote, na mnunuzi hana njia ya kujua ni kiasi gani kilitumika kweli na ni kiasi gani kiliongezwa pale chini ya mti, alipomwona akishuka teksi. Basi katika hali hiyo gari lenye miaka minne ni bibi harusi. Watu huligusa kwa ncha za vidole.

Lile tulilolikuta lilikuwa Toyota Corolla Axio, nyeupe, la mwaka 2019, nasi tulikuwa mwaka 2023. Uwanja wa muuzaji huyo uko kando ya barabara iendayo Kasumbalesa. Kipimo cha kilometa kilionyesha 31.000 na kidogo. Bei: dola 12.500. Dada yangu alikuwa na 11.000 katika mkoba, chini ya kitambaa na rozari.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye adabu. Alimkaribisha dada yangu kwa kumwita Mama, akampa kiti chenye kivuli, akaamuru tuletewe maji. Mimi nilisema dola 9.500. Alicheka kwa upole, kama mtu acheshwaye na mjukuu, akaanza kunisimulia taabu za barabara ya Zambia. Nilimwacha aseme. Wakati huo mpwa wangu alikuwa akilizunguka gari, na mara akaniita.

Alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma. Vijana wa leo wanajua mambo haya kuliko sisi. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne zilizopigwa chapa: mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Matairi yote manne yalikuwa na 1122, yaani juma la kumi na moja la mwaka 2022. Gari la mwaka 2019 likibadilishiwa matairi yote baada ya miaka mitatu, limekwenda mwendo mrefu, kilometa 31.000 hazimalizi matairi mazuri katika barabara za lami. Kisha nikakumbuka kutazama pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika upande wa kuume, laini kama kandambili ya zamani.

Nilirudi kivulini nikaketi. Nikamwuliza muuzaji karatasi ya mnada iko wapi.

Karatasi hiyo ni ya kawaida kabisa. Katika mnada wa Japani mkaguzi huandika alama ya jumla ya gari, huandika kilometa, tena huweka mchoro wa gari lenyewe na kutia herufi kila mahali penye kasoro: A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa mahali palipotengenezwa upya. Aliyenunua kwa njia hiyo ana karatasi hiyo. Mzee alijibu kwamba ilipotea njiani. Nikamweleza habari za matairi na za pedali, bila kupaza sauti. Naungama kwamba nilifurahi. Kuna utamu katika kumshika mtu, hasa mtu aliyevaa vizuri kuliko wewe.

Alikaa kimya muda mrefu. Malori ya shaba yalipita, vumbi likatua juu ya meza. Halafu akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya dada yangu, wala si mbele yangu. Kilometa zilikuwa 88.000. Alama ya jumla ilikuwa 4, na katika mchoro kulikuwa na mikwaruzo miwili midogo na mbonyeo mmoja. Gari lilikuwa zima, ila lilikuwa limetembea karibu mara tatu ya tulivyoambiwa. Aliapa kwamba lilimfikia likiwa hivyo, na kipimo kilirudishwa nyuma kabla halijafika kwake. Huenda. Lakini karatasi ilikuwa katika meza yake.

Kuanzia hapo nilikuwa na nguvu zote. Akashuka hadi 11.200. Akashuka tena hadi 10.800. Angesema bei hiyo asubuhi, dada yangu angelipa papo hapo na kumshukuru. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha onja damu. Nilisimama, nikapindua mifuko ya suruali yangu mbele yake, nikasema: «Papa, tazama. Elfu kumi ndizo zote. Mjane huyu hana hata senti nyingine. Ukikataa, tutarudi nyumbani kwa miguu.»

Mzee alimgeukia dada yangu. «Ni kweli, Mama?»

Dada yangu alitazama mikono yake. Hakujibu neno. Mzee akauchukua ukimya ule kuwa haya ya maskini, akapunga mkono: «Basi. Elfu kumi. Nimeona.»

Mnajua jinsi dola zinavyohesabiwa kwetu. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha haipiti. Noti ya toleo la zamani haipiti. Noti iliyoandikwa kalamu haipiti, ingawa huko Marekani zilikotoka zote hupokelewa. Dada yangu alikuwa ametenga 10.000 katika bahasha moja. Msaidizi wa muuzaji, kijana mwenye macho makali, alizipitisha moja moja katika mwanga wa jua, akaweka kando noti nne za mia moja: mbili zimepasuka, moja ya zamani, moja ina wino. «Hizi hapana, Mama.»

Tukatazamana. Pengo lilikuwa dola 400, na fedha za kuliziba zilikuwa katika mkoba uleule. Hakuna aliyesema kitu. Dada yangu akauvuta mkoba mapajani, akatoa rozari, akatoa kitambaa, akatoa bahasha ya pili. Akahesabu noti nne nzuri. Zilizobaki zilionekana wazi na kila mtu aliyekuwa pale.

Mzee alizitazama, kisha akanitazama mimi na mifuko yangu ambayo nadhani bado ilikuwa nje. «Tumsifu Bwana,» alisema. «Mikate imeongezeka.»

Msaidizi akacheka. Mpwa wangu naye akacheka. Angeweza kuvunja mapatano, na sijui ningemjibu nini. Hakuvunja. Aliandika hati ya mauzo kwa dola 10.000, akatia sahihi, akampa dada yangu ufunguo kwa mikono miwili. Mtu yule aliyeficha kilometa 57.000 katika meza alilishika neno lake mbele ya mtu aliyemdanganya. Nimejaribu mara nyingi kumweka katika fungu la wabaya, wala hakai huko.

Kijana aliendesha tukirudi. Magari ya Japani yana usukani upande wa kuume, na sisi twapita upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni kinachokuja. Anayeona ni yule aketiye kushoto. Nilikuwa mimi. «Mjomba, barabara ni wazi?» aliuliza kila mara, nami nikajibu: ngoja, au: pita. Dada yangu alikuwa nyuma na hakuwa amesema neno tangu uwanjani.

Kati ya malori mawili kijana aliuliza: «Mjomba, yale maneno ya elfu kumi, ulikuwa uongo au yalikuwa mapatano tu?»

Nilikuwa na jibu, kwa kuwa ndilo somo nililowafundisha. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliandika swali zima juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua, katika ile Summa yake. Anasema muuzaji akificha kasoro yenye hasara au hatari kwa mnunuzi, anatenda dhambi. Anataja farasi kilema auzwaye kama farasi mwepesi. Papo hapo anataja mfanyabiashara aletaye ngano mahali penye bei kubwa, huku akijua kwamba wengine wako njiani nyuma yake na ngano nyingi. Haki haimlazimishi kuwaambia wanunuzi. Akinyamaza hakuvunja haki, ingawa akiwaambia atakuwa ametenda kwa wema zaidi. Nilimweleza kijana hayo yote kwa ufasaha. Kilometa ndizo farasi kilema, nilisema. Mkoba wetu ni ile ngano iliyo njiani.

Alifikiri mpaka tulipofika penye mzunguko wa barabara.

«Lakini yule wa ngano alinyamaza,» akasema. «Wewe ulisema.»

Nilimwambia atazame mbele.

Gari lilianza kazi juma lililofuata. Dada yangu na mwanawe walipatana: kila jioni alete faranga elfu 60, zinazozidi ziwe zake, siku mbaya alete alichopata chote na kueleza. Miezi mitatu ya kwanza hesabu ilitimia. Katika mwezi wa nne siku mbaya ziliongezeka. Elfu 45. Elfu 40. Mvua, polisi, mafuta yamepanda. Dada yangu hakuwa na karatasi ya mnada ya kumwuliza. Lakini mwanamke aliyehesabu noti za sokoni miaka ishirini hujua uzito wa siku. Akaniita. «Zungumza naye. Wewe ni mwalimu wao.»

Nilimkuta kijana akiosha gari. Niliingia nikaketi kushoto, naye akaja akaketi penye usukani. Nilianza na mama yake, nikapitia amri ya saba, nikafika kwenye likelemba ya miaka saba. Alinisikiliza kwa heshima, kitambaa chenye maji kikidondoka juu ya goti lake. Nilipomaliza hakukana. Alisema polepole, bila ufidhuli wowote: «Mjomba, nilimwambia mama kwamba elfu arobaini ndizo zote. Niliona ndivyo watu wanavyopatana.»

Hilo nalo sikuwa na la kujibu. Ningeweza kumwonyesha tofauti: muuzaji ni mgeni na mama ni mama, bei haijapatanwa na hesabu imekwisha patanwa. Tofauti hizo ni za kweli, na ningemtetea yeyote azitajaye darasani. Ila kijana hakuwa amejifunza darasani. Alijifunza amesimama karibu na mifuko yangu iliyopinduliwa, akacheka, nami sikumkemea, kwa sababu wakati ule nilikuwa nikitafuta pa kuangalia.

Jioni tulikwenda pamoja kwa dada yangu. Kijana aliweka mezani faranga elfu 140 zilizokuwa chini ya kiti cha gari, akataja nyingine alizokwisha kutumia, na kwa nini. Mimi nilisema kwamba siku ile uwanjani nilimfanya auchukue uongo wangu mkobani pamoja na rozari, na kwamba sikuwahi kumwomba radhi.

Alizihesabu zile faranga mara mbili, moja moja, akizielekeza kwenye taa kama yule msaidizi. Akatenga moja iliyopasuka, akamrudishia mwanawe aitafutie mkanda wa kubandika. Kwangu alisogeza kikombe.

«Kunywa,» alisema. «Chai inapoa.»