Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja na Kayole, kuna hazina ambayo hata mwizi hawezi kuitamani. Imo mvunguni mwa vitanda vya wazee wetu, ndani ya mikebe ya biskuti na makatoni ya viatu. Ni kanda ndogo za video zinazoenea kiganjani, ziitwazo MiniDV. Zilianza kuuzwa mwaka wa 1995, na kabla ya simu za kisasa kutuvamia, ndizo zilizotumiwa kunasa harusi na sherehe nyingi.

Utepe wa kanda hizo una upana wa milimita 6.35 tu. Tofauti na zile kanda kubwa za VHS, huu huhifadhi picha na sauti kwa tarakimu. Ukifaulu kuzisoma tarakimu hizo zote, nakala yako huwa sawa na kanda yenyewe. Ukishindwa, unaambulia patupu.

Nyanya yangu wa Kaloleni alikuwa na kanda moja ya aina hiyo, ya harusi ya shangazi mwaka wa 2004. Aliyeirekodi ni baba mdogo, ambaye enzi hizo alijitafutia riziki kwa kupiga video. Babu alitoa nasaha siku hiyo, na mwaka uliofuata akatuaga dunia. Picha zake ukutani zipo, lakini sauti yake haikuwa imehifadhiwa mahali pengine popote. Mimi sikuwa nimezaliwa. Likizo ya Agosti Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unayesoma mambo ya kompyuta, nitolee mzee wangu ndani ya hiki kidude kabla sijamfuata." Maneno hayo yalinichoma moyo kama mkuki.

Kamera ya baba mdogo ilikuwa stoo, kioo chake kimekufa. Tukaazima nyingine kwa rafiki yake wa Buruburu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa waya. Kamera nyingi za aina hii zina tundu la USB, lakini mara nyingi hilo ni la kutoa picha tuli za kwenye kadi. Video yenyewe hupitia tundu dogo lililoandikwa DV au i.LINK, kwa waya wa FireWire, na vipakatalishi vya siku hizi havina tundu hilo. Viko vijiwaya vya bei rahisi vyenye ncha ya FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Usipoteze pesa! Kubadilisha umbo la ncha hakubadilishi lugha ambayo mashine hizo huzungumza. Tuliokolewa na mwenye saiba mmoja huko Umoja, aliyekuwa bado na kompyuta kuukuu ya mezani yenye kadi ya FireWire.

Kikwazo cha pili, kompyuta haikuiona kamera kabisa. Baba mdogo akacheka. "Hiyo bado iko kwa kurekodi. Weka kwa kucheza!" Akageuza swichi hadi palipoandikwa VCR, na papo hapo zikatambuana.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichotutoa jasho. Picha ilikuja imejaa vijisanduku, sauti nayo ikikatika-katika kama ya mtu anayepiga simu ndani ya matatu ya Jogoo Road. Je, ulikuwa uchafu? Tulitia kanda kavu ya kusafishia vichwa vya kamera, sekunde 10 tu, kwani ukizidisha unavikwaruza. Je, utepe ulikuwa umeshikana? Tukaupeleka mbele hadi mwisho na kuurudisha, ulegee. Wapi! Ndipo tukajaribu kanda ya yule rafiki wa Buruburu. Ikacheza safi kama maji ya mtungi. Basi kamera ilikuwa nzima, na waya mzima. Ugomvi ulikuwa kati ya kamera hii na kanda hii.

Baba mdogo akashika tama, kisha akaruka. "Ngoja! Siku hizo kanda zilikuwa ghali. Hii niliirekodi kwa LP."

LP ni mwendo wa polepole. Kanda ya dakika 60 hubeba dakika 90, lakini mistari ya tarakimu huwa myembamba zaidi, na mara nyingi ni ile kamera iliyoiandika tu inayoweza kuifuata barabara. Tukarudi stoo mbio. Kamera ya zamani kioo chake kilikuwa kiza totoro, lakini kioo ni cha macho tu. Tarakimu zenyewe hupita wayani. Tukaichomeka, na kwenye kompyuta harusi ikatokea, wazi kama ya jana.

Kazi hii haina njia ya mkato. Dakika 90 huchukua dakika 90, na kila saa moja hula takriban gigabaiti 13. Tulipofika dakika ya 40, stima ikapotea! Tulisubiri hadi usiku, tukaanza upya.

Kesho yake Nyanya alimsikia mzee wake. Nilidhani babu alikuwa na sauti nzito kama ya baba. Kumbe ilikuwa nyembamba, yenye kicheko ndani yake. Nyanya hakulia. Alianza kunyoosha kidole kwenye skrini: "Huyu tulikuwa naye kwaya. Huyu alihamia Dandora. Huyu mtoto ndiye daktari sasa." Baba mdogo, aliyewarekodi kwa mkono wake, hakuwajua nusu yao. Nikachukua daftari, nikaandika majina hadi wino ukaisha.

Wasomaji wenzangu, watu hudhani adui wa kanda hizi ni uzee wa utepe pekee. La hasha! Mashine za kuzisoma zinakwisha, na wanaojua waliomo wanakwisha pia. Msiitupe kamera mbovu kabla ya kuijaribu. Mkikwama, kagueni kitu kimoja kimoja: kanda, kamera, waya, kisha kompyuta. Mkishapata nakala, wekeni mbili, mahali pawili tofauti. Halafu keti na mzee, mkiwa na kalamu mkononi. Majina aliyo nayo kichwani hayana waya wa kuyatolea.