Daftari la Shangazi na Damu ya Guinea

GOMA. Katika nyumba moja ya mbao kule Ndosho anaishi kijana anayesomea biolojia, pamoja na shangazi yake aliyetoka Sake. Shangazi alikimbia vita Februari 2024, akakaa Bulengo mwaka mzima. Kambi zilipovunjwa Februari 2025, alikuja kwa mtoto wa kaka yake akiwa na godoro moja na daftari. Humo ndimo alimokuwa akiandika majina ya watu wa bloku yake: nani amefika, katoka kijiji gani, ana watoto wangapi.

Kijana ana kompyuta ndogo, na huiwasha usiku umeme ukirudi. Kazi yake ya kumaliza masomo inahusu damu ya wagonjwa wa Ebola, lakini yeye hajagusa hata tone. Damu hiyo ilichukuliwa Guinea, wakati wa mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi. Watafiti walipima ni jeni zipi zilikuwa zikifanya kazi kwa nguvu mwilini na zipi zilikuwa zimenyamaza, na mwaka 2017 wakatangaza matokeo. Programu za kuchambua namba kama hizo zinapatikana bure. Kinachomla kijana pesa ni mega.

Shangazi ana swali lake. Binti yake aliolewa Butembo, na Ebola ilimchukua mwaka 2019. Mlipuko ule wa kwetu, wa 2018 hadi 2020, uligusa watu 3,470 na kuua 2,287. Mama mwingine aliyeingizwa kituoni siku ile ile na binti yake alipona, akarudi nyumbani. Kwa nini huyu na si yule? Tangu aambiwe kwamba kompyuta ile inasoma damu ya waliokufa na ya waliopona, shangazi haendi kulala mapema.

Kijana alijaribu kumweleza. Mwanadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini. Mtu akiugua, maelfu yake hubadilika kwa wakati mmoja. Ukiziangalia moja moja utapotea. Kwa hiyo programu huzipanga kwa kazi zake: hizi hupiga kengele kirusi kikiingia, hizi hugandisha damu, hizi hutoa nguvu kwenye chakula. Kundi la namna hiyo huitwa njia, na ramani za njia zimechorwa kwa miaka mingi. Moja inayotumika sana, KEGG, ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1995.

Akampa mfano wa kisukari. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walilinganisha misuli ya wanaume wenye ugonjwa huo na ya wasio nao. Hakuna jeni hata moja iliyojitokeza peke yake. Lakini walipoangalia kundi linalosaidia seli kupata nguvu, karibu zote zilikuwa zimeshuka. Kila moja ilishuka kidogo tu, ila zilishuka pamoja.

“Hiyo naijua,” alisema shangazi. Kule kambini, mtu mmoja akifika kutoka Kitshanga huenda amekuja kutafuta ndugu. Wakifika jamaa arobaini wa kijiji kimoja usiku mmoja, huhitaji kungoja habari za redio.

Wiki iliyofuata kijana alirudi amenuna. Matokeo yake ya kwanza yalikuwa mazuri mno: njia za kinga ya mwili zilijaa ukurasa mzima. Mwalimu wake alimuuliza neno moja tu: umelinganisha na nini? Alikuwa amelinganisha na jeni zote za mwanadamu, hata zile za ubongo ambazo katika damu hazisikiki. Damu yenyewe imejaa seli za kinga. Ukitafuta kinga ndani yake utaipata tu, awe mgonjwa au mzima.

Shangazi alicheka. Kama nusu ya bloku ni watu wa Masisi, alisema, ukikuta nusu ya foleni ya maji ni watu wa Masisi, hiyo ni habari gani? Kosa hili hufanywa na wengi, hata wenye shahada kubwa. Kijana alirudia kazi yote, safari hii kwa jeni zilizosikika katika damu peke yake. Usiku tatu, kwa sababu ya umeme.

Na lile swali? Watafiti wa Guinea walikuta kwamba katika waliokufa, kengele inayoitwa intaferoni ililia kwa nguvu zaidi kuliko katika waliopona. Mwili ulipiga kelele kweli kweli, na bado mtu akafa. Je, kelele ndiyo iliyoua, au ilikuwa dalili kwamba virusi vimeshakuwa vingi? Hapo programu hainyooshi kidole. Inaonyesha kundi lililopanda. Na ramani zenyewe zina sehemu nono na sehemu tupu: jeni zilizosomwa sana zina njia nyingi, na saratani imesomwa kuliko magonjwa ya huku kwetu.

“Na ya binti yangu ililia?”

Kijana alimwambia ukweli. Damu ya dada yake haimo katika namba zile, na hata ingekuwamo, hesabu hii hulinganisha kundi na kundi. Haimsemei mtu mmoja.

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama majina ya wale wa Guinea yameandikwa mahali.

“Hapana, shangazi. Ni namba tu.”

“Basi angalia usizichanganye, papa,” alisema, akaenda kufunga mlango.